Palindromu za Wagiriki na Warumi, na mraba wa herufi 25

Ukisomea sayansi ya tarakilishi, lazima wakati mmoja uandike programu ya kukagua palindromu, yaani maneno yanayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma. Ni mistari mitatu minne tu ya kodi, na bado huulizwa kwenye mahojiano ya kazi. Lakini mchezo wenyewe ulitoka wapi?

Jina ni la Kigiriki: "palin" ni tena au kurudi nyuma, na "dromos" ni mbio. Wagiriki huyaita pia maandishi ya kaa, kwa sababu ya mwendo wa yule mdudu wa ufuoni. Kwa desturi, sifa za kuanzisha mchezo huu hupewa Sotades wa Maroneia, mshairi wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Huyu alimkejeli Mfalme Ptolemy wa Pili wa Misri kwa kumwoa dada yake Arsinoe. Mwandishi Athenaeus anasimulia kwamba alitiwa kwenye chombo cha risasi na kuzamishwa baharini. Ulimi uliponza kichwa.

Sasa tuje kwa Warumi. Palindromu yao maarufu ni hii:

ROTAS
OPERA
TENET
AREPO
SATOR

Isome kutoka kushoto, kulia, juu au chini, maneno ni yale yale. Rotas ni magurudumu, opera ni kazi, tenet ni anashika, sator ni mpanzi. Arepo halijulikani kwingine kokote katika Kilatini. Mimi naona sababu ni wazi: fundi alihitaji opera iliyogeuzwa, basi akaliacha lilivyo, labda kama jina la mtu. Hesabu kidogo: mraba una herufi 25, lakini ukishachagua 9 tu, zile 16 zinajijaza zenyewe. Ndiyo maana ni vigumu kuutunga.

Huko intaneti utasoma kwamba ulikuwa alama ya siri ya Wakristo. Hoja yenyewe si ya kijinga. Herufi hizo 25 zinaweza kupangwa upya kuwa msalaba wa PATER NOSTER (Baba Yetu) mara mbili, zikishirikiana N ya katikati, na kubaki A mbili na O mbili, yaani Alfa na Omega.

Tatizo ni tarehe. Mraba huu ulipatikana Pompeii mwaka 1925 na tena 1936, na mji huo ulifukiwa na volkano mwaka 79. Alfa na Omega zatoka Kitabu cha Ufunuo, ambacho wataalamu wengi hukiweka karibu na mwaka 95. Kwa hivyo Wakristo huenda waliupenda baadaye, lakini kusema ndio walioubuni kunahitaji ushahidi zaidi ya herufi kupangika vizuri.

Kuna somo jingine kwa sisi waandika programu. Palindromu maarufu ya Kigiriki, iliyochongwa kwenye mabeseni ya maji ya makanisa, humwambia mtu aoshe dhambi zake, si uso tu. Huanza na "nipson" na kuisha na "opsin". Ukiipitisha kwenye programu yako kwa herufi za Kilatini, jibu ni hapana! Kwa Kigiriki, sauti "ps" ni herufi moja, Ψ. Kwetu ni mbili, na zikigeuzwa zinakuwa "sp". Programu haijakosea, umeilisha alfabeti isiyo yake.

Na Kiswahili je? Karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, kwa hivyo palindromu yetu lazima ianze na irabu pia. Tunazo ada, alala na anona. Sentensi nzima ni kazi ngumu zaidi. Ukiwa nayo, niletee.