DNP: Udaktari wa unesi Marekani, ujue kabla hujalipa ada

Wadau, kuna shahada ya Marekani inaitwa Doctor of Nursing Practice, kwa kifupi DNP. Wengi wanadhani nesi akiimaliza anageuka daktari wa kawaida. Sivyo. Unabaki nesi, ila umefika ngazi ya juu kabisa ya masomo ya unesi wa vitendo.

Isichanganywe na PhD. PhD inaandaa mtafiti. DNP inaandaa mtu wa kazini, na badala ya tasnifu ndefu anafanya mradi wa kuboresha huduma, mfano kupunguza maambukizi wodini.

IMETOKEA WAPI
Mwaka 1965 Loretta Ford na Dk. Henry Silver walianza Colorado kufundisha manesi kuhudumia watoto kwa ngazi ya juu. Oktoba 2004 umoja wa vyuo vya unesi, AACN, ukapendekeza hadi 2015 ngazi hiyo isomewe DNP. 2015 ikapita bila hilo kutimia, na mpaka leo wengi wanaingia kwa masta. Manesi wa usingizi ndio waliobanwa: tangu Januari 2022 anayeanza masomo hayo lazima asomee udaktari.

HATUA ZENYEWE
1. Digrii ya kwanza ya unesi. Mwenye diploma kwa kawaida anajiendeleza kwanza.
2. Vyeti vyako vihakikiwe, ufanye mtihani wa NCLEX-RN, upate leseni ya jimbo. Vyuo vingi havikupokei bila leseni hiyo.
3. DNP yenyewe, kama miaka mitatu au minne kutoka digrii ya kwanza, na masaa ya vitendo ambayo kwa kawaida ni 1,000 au zaidi kwa jumla.
4. Mtihani wa fani yako: ukunga, usingizi, afya ya familia n.k.

Hapo kwenye namba 4 ndipo watu wanapoliwa. Kinachokuruhusu kutibu na kuandika dawa ni fani, mtihani wake na leseni, sio herufi DNP. Zipo DNP za uongozi ambazo ukimaliza huandiki hata panadoli, na ada umeshalipa yote.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, kiulize chuo: programu hii inaniandaa kwa mtihani gani? Angalia pia kama imeithinishwa na CCNE au ACEN, na kwa usingizi, COA. Wakala akianza kujiumauma, funga hiyo ukurasa, muda wa cafe unahesabika.

Mdau mwenye la kuongeza, uwanja ni wako.