Makaa, Kutu na Jembe la Tabora

Wengi waliopita katika maabara ya shule yetu wanalikumbuka jaribio la oksidi ya shaba. Unga mweusi huchanganywa na makaa yaliyosagwa, hutiwa katika neli ya kioo na kupashwa moto mkali. Hewa itokayo hupitishwa katika maji ya chokaa, nayo hugeuka meupe kama maziwa. Ndani ya neli hubaki shaba nyekundu. Kaboni, ambayo si metali, imeinyang'anya shaba oksijeni yake. Ukijaribu vivyo hivyo oksidi ya magnesiamu, hupati kitu: katika moto ule magnesiamu huing'ang'ania oksijeni kuishinda kaboni.

Kizazi chetu kilifundishwa jambo hili kama elimu iliyokuja na meli. Historia ya magharibi ya nchi yetu inasema vingine. Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Usumbwa na Uzinza walijenga matanuri ya udongo, wakajaza mawe ya chuma pamoja na makaa, wakavukuta. Mawe yale ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, na hiyo ndiyo hukinyang'anya chuma oksijeni. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Sentigredi, lakini mhunzi hakuhitaji kufika huko. Alipata bonge lenye vitundu, akalifua mpaka mavi ya chuma yakatoka.

Majembe yao yaliletwa Tabora, njia panda ya misafara ya Bagamoyo, Ujiji na Karagwe. Yalilima, yalinunua chakula, yalilipa hongo na mahari.

Matanuri hayakuzimika kwa sababu kemia yake ilikuwa na kasoro. Yalizimwa na majembe ya viwanda vya Ulaya, yaliyouzwa rahisi. Ujuzi ukabaki vichwani mwa wazee. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya walijenga tena tanuri kwa kumbukumbu zao, mbele ya mtafiti Peter Schmidt wa Marekani, wakapata chuma. Mwaka 1978 habari hizo zilitolewa katika jarida la Science.

Enyi wanafunzi mlioko madarasani, mkiona maji ya chokaa yakigeuka meupe, jueni kwamba mnarudia kazi ya babu zenu. Kaulizeni vijijini ni wapi mavi ya chuma yamelala mashambani, mkaandike mtakayoambiwa. Mzee akifa na ujuzi wake, hakuna maabara itakayourudisha.