Kuchonga njia ndani ya hifadhi: nani anapima udongo? Mfano wa michoro ya Kondoa

Watu wengi wakisikia habari ya kuchonga njia ya miguu mlimani wanaona ni ishu ndogo tu, sururu na mabeleshi, wiki mbili kazi imekwisha. Lakini njia ikichongwa vibaya kwenye mteremko, mvua ya kwanza inaigeuza mfereji, na mfereji ukiachwa misimu kadhaa unakuwa korongo. Kwa mtu wa Kondoa hii siyo hadithi ya kuambiwa.

Kule ndiko serikali ilikoanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Vilima vilikuwa vimechimbika makorongo kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Hebu fikiria Mrangi anaambiwa atoe ng'ombe wake wote, mpaka mbuzi. Watu walilipa gharama kubwa ili udongo ule utulie.

Sasa kwenye vilima hivyohivyo kuna michoro ya miambani. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO wakaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006: kilomita za mraba 2,336, mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Kituo kiko Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati. Barabara hiyo ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018, kwa hiyo kutoka Dodoma mjini kwenda Kolo siku hizi siyo lile vumbi la zamani. Wageni wakiongezeka, njia za kupanda kwenye miamba zitahitaji kutengenezwa, kupanuliwa au kuhamishwa. Hapo ndipo linapokuja suala la ufuatiliaji wa mazingira, ambao maana yake ni kupima hali ya mahali kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi, halafu kulinganisha.

Kabla ya kazi ndiyo sehemu inayorukwa sana. Lazima upate picha za mwanzo: unachagua sehemu kadhaa za njia, unaweka alama ya kudumu juu ya jiwe, unapiga picha ukiwa umesimama palepale na umeelekea upande uleule. Unahesabu mimea ndani ya mraba wa mita moja kwa moja. Unaandika upana wa njia. Usipokuwa na kumbukumbu hizo, mkandarasi akiharibu atasema alikuta hivyohivyo, na wewe huna la kujibu.

Wakati wa kazi kipimo ninachokipenda mimi ni nondo, maana hakihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Unachukua kipande cha nondo cha nusu mita, unakipigilia ardhini mpaka zibaki sentimita 5 juu. Mvua ikinyesha unarudi na rula. Ukikuta sentimita 7, udongo wa sentimita 2 umeondoka. Unaona ni kidogo? Sentimita 2 kwenye mita moja ya mraba ni ndoo nzima ya lita 20. Njia ya upana wa mita moja na urefu wa mita 500 ni ndoo 500 zimeteremka bondeni. Dawa ni kuikatisha njia mteremko badala ya kuishusha moja kwa moja, na kuweka makinga maji ya mawe yanayotoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Na kazi yenyewe iishe kabla ya Desemba, kwa sababu kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua na unakuja kwa kishindo.

Kwa Kondoa kuna jambo jingine: vumbi. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu juu ya jiwe tupu, haina kioo wala paa zaidi ya mwamba wenyewe. Ukivunja mawe karibu yake, vumbi linatua juu ya mchoro, na mtu akija na kitambaa akasema "ngoja nifute kidogo" ndiyo imetoka hiyo. Kwa hiyo mawe yavunjwe mbali, na karatasi nyeupe iwekwe karibu na mwamba ili ionekane vumbi linafika au halifiki. Likifika, kazi inasimama siku hiyohiyo.

Halafu kuna kipimo ambacho nondo haiwezi kukitoa. Wenyeji bado wanatumia baadhi ya maeneo haya kwa matambiko ya mvua na uponyaji, na UNESCO waliitaja mila hiyo kama sababu mojawapo ya kuliorodhesha eneo. Njia mpya inaweza kumpitisha mtalii na kamera yake katikati ya tambiko. Wazee waulizwe kabla na waulizwe tena baada, majibu yaandikwe kama vipimo vingine.

Kisheria tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Miradi iliyoorodheshwa lazima ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, NEMC wanapitia, na mwenye mradi anatoa mpango wa jinsi atakavyofuatilia madhara. Sheria hiyohiyo inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Udhaifu ninaouona mimi ni kwamba anayejenga ndiye pia anayejipima. Ni sawa na mwanafunzi kusahihisha mtihani wake. Nondo zikipimwa pia na vijana wa kijiji, daftari likabaki ofisi ya kijiji, kudanganya kunakuwa kugumu.

Baada ya kazi wengi wanapiga picha ya uzinduzi na kusepa. Vipimo viendelee angalau misimu miwili ya mvua, maana udongo uliotifuliwa hauonyeshi tabia yake mwaka wa kwanza peke yake.

Wadau wa Kondoa, Kolo na Pahi: mwenye picha ya zamani ya njia ya kupanda kwenye michoro, hata ya safari ya shule, aitaje hapo kwenye maoni pamoja na mwaka na sehemu aliyosimama.