Rangi ya Juu na Rangi ya Ndani

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana mithali ya kale isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha kidogo kilichorembwa kwa rangi hata mtazamaji akakidhani kuwa kitu cha thamani kubwa. Aliyeitunga mithali hiyo hakuulaumu mti, kwa kuwa mti ni kitu chema. Alilaumu umbali ulioko baina ya ahadi lipewayo jicho na kile kipatwacho na mkono.

Vyombo vya umeme vichukuliwavyo mkononi, yaani redio ndogo, mashine za michezo na simu, vimeishi na shauri hilo hilo kwa zaidi ya miaka 70. Maganda yake mengi ni ya plastiki, na rangi ya plastiki hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuichanganya rangi na plastiki yenyewe kabla haijaingizwa katika kalibu, ganda likatoka na rangi moja tangu juu hata ndani. Njia ya pili ni kulisubu ganda kwanza, kisha kulipaka rangi kama upakwavyo mlango wa nyumba. Siku ya kununua, tofauti ya njia hizi mbili ni vigumu kuonekana. Huonekana baadaye, mnunuzi akiwa amekwisha kutoa fedha yake, na chombo kikiwa kimekwisha kuzoeana na jasho la kiganja chake.

Plastiki ilizaliwa katika kazi ya kuiga. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka bara zikapita Unguja, na shehena nyingi zikavuka bahari hata Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako miji ya Deep River na Ivoryton ilikata vibao vyeupe vya piano. Mipira ya mchezo wa biliadi nayo ilichongwa kwa pembe. Pembe ilikuwa ghali, na wafanya biashara walitamani kitu cha kushika mahali pake. John Wesley Hyatt wa Albany, katika jimbo la New York, alikuwa miongoni mwa waliokitafuta kitu hicho, na mwaka 1870 alipata hataza ya seluloidi. Hivyo, tangu siku zake za kwanza, plastiki haikuulizwa ni kitu gani. Iliulizwa yaweza kufanana na kitu gani.

Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alifaulu kutengeneza plastiki ya namna nyingine, akaitangaza mwaka 1909. Nayo ni bakelaiti. Plastiki hiyo haikuyeyuka tena ikiisha kukauka katika kalibu, haikupitisha umeme, na ilistahimili joto la taa za redio. Walakini ilikuwa na upungufu mmoja. Utomvu wake una rangi ya asali, nao huzidi kukoza kwa miaka na mwanga. Ili upate nguvu ulichanganywa na unga wa mbao. Mchanganyiko huo haukuweza kuwa mweupe. Makasha ya redio za miaka ya 1930 aghalabu yalitoka kalibuni yakiwa meusi au ya kahawia, kama viatu.

Lakini wanunuzi wengine walitaka redio nyeupe ya kuweka jikoni au chumbani. Watengenezaji wa Marekani wakalitwaa kasha lile lile la kahawia, wakalipaka rangi, wakaliita la rangi ya pembe, na mara nyingi wakaliuza kwa bei iliyozidi kidogo. Mnunuzi alilipa zaidi ili asiione plastiki aliyoinunua. Miaka ilipopita, rangi ilibanduka kwenye pembe za kasha na kandokando ya vifundo, mahali pale vidole vilipogusa, na ukahawia ukachungulia. Plastiki iliyoanza safari yake kwa kuiga pembe ilikuwa sasa imepakwa jina la pembe tu.

Wanakemia nao walitoa jibu lao. Katika miaka ya 1920 zilipatikana plastiki zilizokubali rangi nyepesi ndani ya mwili wake. Mojawapo iliitwa Catalin, ambayo haikutiwa unga wa mbao bali ilimiminwa kama uji na kuachwa igande, ikatoa redio za rangi nyekundu, kijani na manjano zenye mng'aro wa vito. Je, hii haikuwa kweli tupu, rangi iliyo ndani sawasawa na iliyo nje? Ilikuwa kweli, lakini kweli ya siku zile. Redio nyeupe za Catalin ziligeuka manjano kadiri miaka ilivyopita, na wakusanyaji wa vitu vya kale wanajua kuwa rangi waionayo leo siyo aliyoichagua mnunuzi wa kwanza. Rangi ya juu husalitiwa na mguso. Rangi ya ndani husalitiwa na mwanga na hewa. Mwenye kuandika historia ya jambo hili kwa haki hana budi kuzitaja aibu zote mbili.

Mambo yalibadilika chombo kilipotoka mezani kikaingia mkononi. Redio ya mezani huguswa vifundo vyake tu, lakini redio ya mkononi hushikwa mwili mzima, hutiwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, huangushwa, hukaliwa, hulowa jasho. Mwezi wa Oktoba 1954 ilitangazwa huko Marekani redio ya Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa watu wengi. Ilikuwa na transista nne, urefu wake ulikuwa yapata sentimita 13, na bei yake dola 49.95. Ilitolewa kwa rangi nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijivu. Plastiki zilizoyeyuka kwa joto na kukubali rangi ya kila namna zilikuwa zimekwisha kuenea, na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 zilifika nyingine mbili zilizokuwa imara zaidi. Moja ni ABS, ambayo hata leo hutumika katika maganda mengi. Ya pili ni polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell huko Ujerumani, na Daniel Fox huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo haja iliyoileta rangi ya kupaka ilikuwa imekwisha. Ingetazamiwa kuwa wapaka rangi wangefunga kazi.

Hawakufunga, na sababu zao si za kupuuzwa. Sababu ya kwanza ni madini. Watu hupenda chombo king'aacho kama fedha, lakini chembe za kung'aa zikichanganywa katika plastiki ya moto hulala kufuata mkondo wake, na pale mikondo miwili inapokutana huacha mistari kama makovu. Rangi ya kupaka huzilaza chembe hizo sawasawa. Sababu ya pili ni kuficha ila, maana koti la rangi hufunika doa ambalo plastiki tupu ingelionyesha. Sababu ya tatu ni biashara, kwa kuwa kiwanda chaweza kusubu maganda ya namna moja kwa wingi, kisha kikangoja kujua soko linapenda rangi gani. Tena koti jema huizuia miale ya jua isiifikie ABS, ambayo pasipo kinga hugeuka manjano.

Njia hizi mbili zinaonekana vizuri katika mashine za michezo za Nintendo. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa ya kijivu mwili mzima, pasipo koti, na mwaka 1995 zilifuata nyingine za rangi mbalimbali na hata ya ganda lipitishalo mwanga. Mwaka 2003 ilikuja Game Boy Advance SP, ambayo ile ya rangi ya fedha ilipakwa. Zilizotumika sana za namna hii ya pili huonekana zimechubuka pembeni, mahali pa viganja. Zile za kwanza zimekwaruzwa na nyingine zimepiga manjano, lakini hazichubuki, kwa kuwa hazina ngozi ya kuchubuka.

Ndipo ikaja simu. Nokia 5110 ya mwaka 1998 ilikuwa na uso uwezao kuvuliwa na kuvikwa mwingine, na huko kulikuwa kukiri waziwazi kwamba uso huchakaa kabla ya moyo. Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, nayo ilijulikana sana katika Afrika Mashariki kwa tochi yake na kwa uvumilivu wake wa vumbi. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu ilikuwa pia mfuko wa fedha. Chombo cha namna hiyo hakibadilishwi kila mwaka. Hushikwa mara nyingi kila siku, hupitishwa kwa mdogo mtu au kwa mzazi kijijini, au huuzwa ili kutatua haja ya nyumbani.

Hapo ndipo rangi iwapo jambo la riziki. Mnunuzi wa simu iliyotumika hawezi kuona ndani, basi huusoma uso. Rangi iliyobanduka humshushia mwuzaji bei, ingawa chombo ni kizima. Kwa upande wa pili, ganda jipya livikwalo juu ya chombo kibovu humpandishia mwuzaji bei asiyoistahili. Mithali ya mkakasi imepata hivyo maana mbili. Kuna mkakasi mzuri wenye mti mbovu, na kuna mti mwema ulionyimwa heshima kwa sababu mkakasi umechubuka.

Lipo koti jingine ambalo madhara yake ni makubwa zaidi katika nchi za joto. Ni lile la poliurethani, laini kama mpira, lililopakwa juu ya simu na vyombo vingi ili vipendeze kushika. Likiwa jipya huwa kama ngozi ya tunda. Lakini maji yaliyomo hewani huvunja minyororo yake kidogo kidogo, na joto huiharakisha kazi hiyo, hata koti likawa la kunata kama ulimbo. Chombo kilichofungiwa sandukuni bila kuguswa hakisalimiki. Rangi nyingine huchakazwa na matumizi, bali hii huweza kuchakaa yenyewe, na hewa ya pwani si rafiki yake.

Mwaka 2011 Nokia N9 iliirudia njia ya kale kwa ustadi mpya. Mwili wake ulikuwa kipande kimoja cha polikaboneti iliyotiwa rangi mwilini, na palipokwaruzwa palionekana rangi ile ile. Mwaka 2013 iPhone 5c ilishika njia ya katikati, yaani polikaboneti ya rangi chini, na koti gumu la kung'aa juu. Koti la namna hiyo halidanganyi, maana halisemi rangi nyingine isipokuwa ile iliyo chini yake.

Hata kifo cha chombo kinaingia katika hesabu hii. Plastiki tupu huweza kusagwa, kuyeyushwa na kusubiwa tena. Iliyopakwa ikisagwa, vipande vya rangi hubaki ndani yake kama mchanga katika unga, na ganda jipya huvunjika upesi pale vilipo. Koti lililompendeza mnunuzi wa kwanza huwa mzigo wa mtu wa mwisho, yule akaaye jaani akichambua takataka.

Yote haya hayaifanyi rangi ya kupaka kuwa dhambi. Mabaharia wa pwani hupiga deheni chini ya chombo na kukipaka sifa ubavuni, wala hapana asemaye kuwa jahazi limedanganya. Koti hilo linajulikana kuwa ni koti, kazi yake ni kulinda mbao, na mwenye chombo huja akalifanya upya likiisha. Rangi ya simu haina neema hiyo. Hupakwa mara moja kiwandani, na mwenye kuimiliki simu hana njia ya kuirudisha. Kwa hiyo uzuri wa kupakwa ni wa siku ya kuuza, na huchakaa mikononi mwa anunuaye. Ganda lenye rangi ndani huweza kukwaruzika na kufifia, lakini huzeeka kama mtu azeekavyo, likibaki lenyewe. Mnunuzi wa kwanza aweza kuchagua kati ya hayo mawili kwa jicho tu. Wa pili na wa tatu huishi na chaguo lake, na aghalabu hao ndio wenye fedha kidogo.