Cleng Peerson, Dada Yake Kari, na Mwanzo wa Makazi ya Wanorwei Marekani

Cleng Peerson, ambaye wanahistoria wengi humwita baba wa uhamiaji wa Wanorwei kwenda Marekani, alizaliwa tarehe 17 Mei 1783 katika shamba la Hesthammer huko Tysvær, kusini-magharibi mwa Norwei. Kwao aliitwa Kleng Pedersen Hesthammer. Pedersen maana yake ni mwana wa Peder, kama "bin" linavyounganisha mtoto na babake katika majina ya pwani ya Afrika Mashariki, na Hesthammer ni shamba alikotoka. Kwa kuwa mtu aliyehama shamba huenda akabadili hata jina, ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa kwa majina tofauti, na hilo huwatatiza mpaka leo wanaofuatilia nasaba za wahamiaji hao.

Uhamiaji wenyewe ulichochewa na uhaba wa ardhi pamoja na dini. Mabaharia wa Norwei waliotekwa na Waingereza katika vita vya Napoleon walifungwa ndani ya meli huko Uingereza, na humo wakafundishwa imani ya Marafiki, yaani Wakweka, madhehebu yanayojulikana sana magharibi mwa Kenya. Waliporudi Stavanger walikuta sheria ya mwaka 1741 ingali ikikataza mikutano ya ibada isiyo na idhini ya mchungaji wa kanisa la dola. Mwaka 1821 Peerson na mwenzake, Knud Olsen Eide, walivuka bahari kwenda kutafuta mahali pa kuwahamishia watu hao. Peerson alirudi peke yake mwaka 1824, akatoa habari za nchi aliyoiona, kisha akatangulia tena kwenda kutengeneza mambo ya ardhi.

Jahazi la Restauration liling'oa nanga Stavanger mapema Julai 1825 likiwa na watu 52 na shehena ya vyuma. Lilikuwa na uzito wa tani 39 hivi na urefu wa mita zipatazo 16 tu, na ndani yake waume, wake na watoto walikaa wiki 14, hata wakafika New York tarehe 9 Oktoba wakiwa 53, kwa kuwa mke wa abiria mmoja, Lars Larsen, alijifungua mtoto wa kike njiani. Sheria ya Marekani iliruhusu abiria 2 kwa kila tani 5, basi jahazi likazuiliwa na faini ikatozwa, mpaka Rais John Quincy Adams alipoifuta mwezi Novemba.

Miongoni mwa abiria hao alikuwamo Kari, dada yake Peerson, pamoja na mumewe Cornelius Nelson Hersdal na watoto wao. Walikaa Kendall, kando ya Ziwa Ontario, ambako msitu ulikuwa mzito na kila kipande cha shamba kilipatikana kwa shoka. Cornelius alifariki mwaka 1833. Wakati huohuo Peerson alikuwa akielekea magharibi kwa miguu, akachagua bonde la Mto Fox katika jimbo la Illinois, na huko Kari akahamia na watoto wake mwaka 1836. Haifai kusema kwamba bonde hilo lilikuwa tupu: lilikuwa nchi ya Wapotawatomi, ambao mkataba wa Chicago wa mwaka 1833 uliwalazimisha kuhamia ng'ambo ya Mto Mississippi.

Peerson mwenyewe hakutulia. Alifungua makazi Missouri, akashiriki mwanzo wa mengine Iowa, akakaa kwa muda katika makazi ya Waswidi ya Bishop Hill, kisha akaenda Texas akiwa mzee wa miaka 60 na kitu. Kwa hiyo cheo cha "baba" kinamstahili kwa njia alizofungua, lakini kazi ya kushika nyumba, kulima na kulea kizazi kilichobaki mahali pamoja ilifanywa na watu kama Kari, naye anastahili kutajwa kila anapotajwa kaka yake.

Huko Bosque, Texas, Peerson alimpa Mnorwei mwenzake, Ovee Colwick, nusu ya ardhi yake, akaishi na jamaa ya Colwick hadi alipofariki tarehe 16 Desemba 1865. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Kilutheri la kijiji cha Norse, na mwaka 1982 Mfalme Olav V wa Norwei alifika huko kumpa heshima.