Hilo Jiko la Bei Ghali Lilianza Kama Jua Kali

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alituma picha kwa grupu ya familia. Jiko la kuchomea nyama: jeusi, la duara, miguu mitatu, kifuniko kinang'aa kama kiatu cha siku ya kwanza shuleni. Chini ameandika: "Hili nalichukua kabla ya Disemba. Lipa pole pole. Tumechoka na pipa." Nikaangalia bei. Wasee, hiyo ni kodi ya keja yake miezi minne.

Watu wakapiga makofi. Mjomba peke yake ndiye alinyamaza. Yeye ndiye huchoma mbuzi wetu kila Disemba, kwa nusu pipa aliyokatiwa na fundi huko Gikomba miaka mingi iliyopita. Analisimamisha kwa mawe, anaweka wavu juu, na analia na moshi kuanzia saa nne asubuhi hadi sisi wengine tushibe. Sasa ameambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba amechokewa. Mimi huo ukimya wake ulinikaa vibaya.

Kwa hivyo leo sitakuambia nunua hili, wacha lile. Nataka kwanza tuulizane: hilo jiko la picha lilitoka wapi? Kwa sababu ukijua historia yake, utaona linafanana na pipa la Mjomba kuliko unavyofikiri.

Tuanze na makaa. Miaka ya 1920, Henry Ford alikuwa anatengeneza magari ya Model T kwa wingi, na magari hayo yalikuwa na mbao nyingi ndani. Alitaka msitu wake mwenyewe. Mume wa binamu yake, Edward Kingsford, alikuwa mtu wa biashara ya mashamba na magari kaskazini mwa Michigan, akamsaidia kununua zaidi ya ekari 300,000 za miti. Ford akajenga kiwanda cha mbao mjini Iron Mountain. Sasa, ukipasua mbao unabaki na nini? Vipande, matawi, vumbi la msumeno. Marundo na marundo. Ford hakuwa mtu wa kutupa kitu. Mabaki hayo yakachomwa yakawa makaa, yakasagwa, yakachanganywa na wanga na kubanwa kuwa vidonge vya ukubwa mmoja. Wazo lenyewe la kubana makaa halikuwa lake. Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alikuwa amelipatia hataza mwaka 1897. Lakini Ford alikuwa na kitu ambacho Zwoyer hakuwa nacho: maduka ya magari kila pahali. Ukienda kuangalia gari, unaona na mfuko wa makaa. Mwaka 1951 biashara hiyo ikauzwa na ikapewa jina la Kingsford, jina ambalo hadi leo Wamarekani wanalijua kama sisi tunavyojua jina la unga wetu.

Umeona? Yale makaa ya "kizungu" yenye mfuko wa picha nzuri ni takataka za kiwanda cha magari. Mtu aliangalia mabaki akaona pesa.

Twende kwa jiko lenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vimeisha, Wamarekani wengi wamehamia vitongoji vipya, kila nyumba na kauwanja nyuma. Wikendi ikifika wanachoma nyama kwa majiko ya wazi, au kwa matofali yaliyojengwa uani. Shida ni ileile ya Mjomba: upepo ukivuma majivu yanaruka kwa nyama, mvua ikinyesha mchezo umeisha, mafuta yakidondoka moto unaruka juu, nje nyama inaungua na ndani bado damu.

George Stephen alikuwa mmoja wao. Alikuwa na watoto 12 wa kulisha, na alifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers huko Chicago. Moja ya kazi za karakana ilikuwa kuunganisha nusu mbili za chuma za mviringo ili kutengeneza maboya, yale yanayoelea majini kuonyesha vyombo njia, kwa ajili ya Ziwa Michigan. Mwaka 1952 Stephen akaangalia hayo maboya akaona kitu kingine. Nusu ya chini akaipa miguu na wavu. Nusu ya juu akaipa mkono, ikawa kifuniko. Majirani walicheka umbo lake. Baadaye watu wakaanza kuliita Sputnik, kwa jina la ile setilaiti ya Warusi ya 1957.

Basi hilo ndilo jiko la binamu yangu. Baba wa watoto 12, boya la kukatwa, na karakana. Ukiniuliza mimi, hiyo ni jua kali. Tofauti ni kwamba huko jua haliwaki hivyo.

Lakini Stephen alifanya kitu kimoja cha akili sana, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndicho unacholipia ukinunua jiko la maana. Alitawala hewa. Moto wa makaa hauhitaji kupuliziwa kila dakika, unahitaji hewa ya kipimo. Matundu ya chini yanaingiza hewa, matundu ya kifuniko yanatoa moshi, na hewa inatembea katikati. Ukiyafungua, moto unapanda. Ukiyafunga nusu, unashuka. Ukiyafunga yote, moto unakosa pumzi na unazimika, na makaa yaliyobaki unayatumia kesho. Na kwa sababu joto limefungiwa ndani, linazunguka nyama pande zote kama ovena badala ya kupiga upande mmoja tu.

Mambo ni yaleyale ukija kwa majiko ya moshi, yale marefu yenye kisanduku cha moto pembeni. Hayo yalikua Texas, kwenye nchi ya visima vya mafuta. Mafundi wa kuchomelea walikuwa na mabomba manene ya chuma yaliyobaki, wakayakata, wakayapa mlango, dohani na kisanduku. Nyama inakaa upande mmoja, moto unakaa upande mwingine, na kinachovuka ni moshi na joto la polepole, kama nyuzi 105 hadi 120 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Kwa joto hilo kidari cha ng'ombe, ile nyama ngumu ya kifua ambayo kwa moto mkali inageuka kandambili, inalainika hadi unaikata kwa uma. Chuma cha mabomba hayo kilikuwa kinene, hivyo hakikupoa haraka. Hapo tena ni mabaki, tena ni fundi.

Na sisi je? Usidhani hadithi yetu ni fupi.

Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Wakati huo nyumba nyingi za mjini zilipikia jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi lilipotea pembeni. Miaka hiyo Wakenya, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, waliangalia majiko ya ndoo ya Thailand yenye udongo ndani, wakaja kutengeneza lao. Sampuli za kwanza zilikuwa na kasoro, udongo ukipasuka. Wapishi wakalalamika, mafundi wakarekebisha. Kilichotoka ndilo jiko unalolijua: juu pana, kiuno chembamba, chini pana, udongo wa kuchomwa umekaa upande wa juu, na kamlango kadogo chini ka kupimia hewa. Ganda lake? Vyuma chakavu, vinavyogongwa na mafundi pale Shauri Moyo na kwingineko. Jiko hilo lilipunguza makaa kwa kiasi kikubwa, na wazo lake likasambaa hadi nchi nyingine za Afrika.

Soma tena hiyo aya. Kutunza joto. Kupima hewa. Mabaki ya chuma. Ni somo lilelile la Chicago, na sisi tulilijibu kwa njia yetu, kwa shida yetu, ambayo haikuwa burudani ya wikendi bali sufuria ya kila siku.

Mpaka Novemba 1985 ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Gikomba waliokuwa wakigonga chuma juani, akawaahidi vibanda vya kuwakinga. Fikiria, watu walikuwa wakitengeneza nusu ya vyombo vya mji huu bila hata paa. Jina "jua kali" si mapambo. Ni malalamiko.

Kwa hivyo kinachoniuma si binamu yangu kutaka kitu kizuri. Atake. Kinachoniuma ni kwamba boya la mzungu likikatwa tunaita uvumbuzi, pipa la Mjomba likikatwa tunaita aibu.

Wacha niwe mkweli pia, nisije nikaonekana natetea kila kitu cha nyumbani. Majiko ya dukani yana uzuri wake. Kifuniko kinakaa sawasawa, rangi imechomwa kwa joto kali haibanduki, na baada ya miaka mingi bado unaweza kupata wavu wa kubadilisha. Fundi wetu mwingine akiharakishwa atakupa kifuniko kinachovuja hewa kama dirisha la matatu. Na pipa la Mjomba, kusema ukweli, halina kifuniko kabisa. Hilo si jiko, ni nusu ya jiko. Nusu ile nyingine iko zizini, ng'ombe wanainywea maji.

Sasa kama una pesa ya kodi mfukoni na unaumwa na hamu ya choma, hivi ndivyo ningefanya.

Nenda kwa fundi na pipa zima, lile la lita 200. Uliza lilibeba nini. Kama lilibeba dawa au kemikali, ondoka. Tafuta la mafuta ya kupikia au kitu cha kuliwa. Epuka chuma chenye mipako ya zinki, ile rangi ya fedha ya mabati, kwa sababu ikipata moto mkali inatoa mvuke wa sumu. Mwambie akate pipa kwa urefu, aweke bawaba, na nusu ya juu ibaki kuwa kifuniko. Matundu ya hewa chini upande mmoja, dohani juu upande wa pili, na yote yawe na vibati vya kufungua na kufunga. Kabla ya kuweka nyama yoyote, washa moto mkubwa ndani mara moja au mbili, mpaka rangi na mafuta ya zamani yaungue yaishe, kisha lisugue.

Siku ya kuchoma, usitandaze makaa kila pahali. Yaweke upande mmoja. Mguu wa mbuzi unauweka upande usio na makaa, unafunga, unaacha. Usifungue kila dakika kuchungulia, joto lote linatoka. Mwishoni ndio unauleta juu ya makaa upate ile ngozi ya kukauka tunayoipenda. Kuku hakikisha ndani amefika nyuzi 74. Na tafadhali, mvua ikinyesha usiingize jiko ndani ya nyumba. Hewa ya makaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kifuniko, na hii ni yetu zaidi kuliko ya Chicago. Ford alichoma mabaki ya mbao. Sisi mara nyingi tunachoma mti mzima. Kwa tanuri ya kienyeji ya kufunika kwa udongo, kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mwaka huohuo Kaunti ya Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa kutoka kwake. Tulilalamika bei ya gunia. Wachache tuliuliza hilo gunia lilikuwa mti gani. Jiko la wazi linakula makaa bila huruma, na ukimaliza kula yanaendelea kuwaka bure mpaka yaishe. Jiko lenye kifuniko unalifunga, makaa yanalala. Hapo umeokoa pesa yako na mti wa mtu wa Kitui.

Haya yote niliyaandika kwa grupu, kwa ufupi. Binamu yangu akajibu, "Sawa professor," na tukaachia hapo. Bado hajaamua, na ni pesa zake.

Lakini jana usiku Mjomba alinipigia simu, na yeye si mtu wa simu. Hakutaja grupu wala picha. Aliuliza tu, "Kijana, hayo matundu ya juu yanawekwa mangapi?" Nikamwambia mawili yanatosha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho anatafuta kitu kingine cha kunyweshea ng'ombe.