Mti, Baraza na Saa 48

Msomaji wa visiwani akilisikia jina la Mpemba huenda akamkumbuka jirani yake wa Wete au Chake Chake. Mpemba tunayoikusudia hapa ni kata ya mji wa Tunduma, mkoani Songwe, pale barabara ya Isongole inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia. Ingawa iko mbali na bahari, historia yake na yetu zilikatwa kwa kalamu moja. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ulioitia Zanzibar katika himaya ya Uingereza, ndio pia uliochora mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Wanyamwanga wakabaki huku na kule.

Swali letu ni dogo: mwananchi akisimama katika mkutano wa mtaa au kijiji, aseme hadi wapi?

Nyerere alipenda kueleza kuwa wazee wa Kiafrika walikaa chini ya mti wakazungumza hata wakapatana. Taswira hiyo yapendeza, lakini mti ule nao ulikuwa na mipaka. Yeye mwenyewe, katika Ujamaa Vijijini ya 1967, alikiri kwamba mwanamke hakuwa na hadhi sawa na mwanamume katika jamii ile ya kale. Hapo kilichowekewa mpaka ni nani aketi. Muda wa kusema haukupimwa.

Neno baraza nalo limesafiri. Kwetu ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, apitaye hukaribishwa. Lilipofika bara likavaa kofia ya serikali: baraza ikawa hadhara ambapo bwana shauri hutangaza na watu husikiliza. (Ajabu ya jina hilo, kwani shauri halikuombwa.) Sheria ya 1926 ikawafanya machifu kuwa mkono wa dola, na kumpinga chifu kukawa kuipinga serikali. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya pauni 150. Kosa lilikuwa kuwasema watawala wa mahali.

Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa 1963. Halmashauri zikavunjwa katika miaka ya 1970, kisha zikarejeshwa kwa sheria za 1982. Sheria hizo zinaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi mtu mzima, kuwa mamlaka ya juu kijijini. Mijini, kama ilivyo Mpemba leo, mikutano ni ya mtaa. Humo ndimo wakazi hudai wasomewe mapato na matumizi.

Mwenyekiti kumpimia msemaji dakika, kumrudisha kwenye ajenda, kumkataza matusi: hayo sioni ubaya wake. Pasipo hayo, mwenye sauti kubwa hula zamu ya mjane aliyeacha biashara yake mpakani ili aje aulize jambo moja. Lakini mtu akiuliza fedha za choo cha shule zimekwenda wapi, hapana budi amtaje aliyezishika. Swali hilo likiitwa matusi au uchochezi, mpaka umehama kutoka kwenye utaratibu ukaingia kwenye maudhui, tumerudi kwa bwana shauri. Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, inazuia haki ya mmoja isivunje haki za wengine wala maslahi ya umma. Sifa za watu wengine nazo zinalindwa humo, lakini si za mwenye cheo peke yake.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, iwapo yaelekea atavunja amani. Uwezo huo umeshatumika mara nyingi hadharani, mbele ya wanakijiji, dhidi ya waliouliza au kujibu vibaya. Lakini sheria hiyo hiyo yamtaka mkuu aandike sababu zake, na aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu kabla ya saa hizo kwisha au aachiwe.